Kati ya Behewa na Behewa

Mimi si mtaalamu. Andika hivyo kwanza.
Mimi ni mlinzi wa kivuko cha reli
pale njia ya mashambani inapokatana na chuma
kiendacho Debrecen. Nashusha mti, napandisha mti.
Kati ya kushusha na kupandisha, natazama juu.

Darubini ni ya marehemu Ambrus,
aliinunua atazamie mbio za farasi.
Jicho lake la kushoto lina ukungu usiofutika,
kwa hiyo kila mwewe wangu
nusu yake huruka mawinguni.

Mwaka naupima kwa kucha.
Theluji ikiyeyuka hurudi mwewe wa matopeni,
wanapita chini chini juu ya nyasi
kama mtu aliyeangusha pete.
Mwezi wa tano, vipanga wenye miguu myekundu
wanagombea viota vya kunguru,
wapangaji wasio na mkataba.
Na baridi ikikaza, tai wa mkia mweupe
hukaa juu ya barafu ya bwawa la samaki,
kimya, mahakimu waliosahau kesi.

Jenő huja Jumamosi na darubini ya miguu mitatu,
bei yake ng'ombe wawili na ndama.
Ana orodha, ana kofia yenye beji.
Akimwona ndege hamwoni: anamhesabu.
Lakini nisimsengenye. Ndiye aliyenifundisha
kumjua kozi kwa bawa, si kwa rangi.
"Rangi ni nguo," alisema. "Bawa ndiyo tabia."

Basi. Jumanne, tarehe kumi na tisa Januari,
saa nane na dakika thelathini na tano mchana,
baridi ya kupasua ndoo.
Kunguru wote wakainuka kwa pamoja
kama shuka inayokung'utwa.
Nikajua. Kunguru hawamfanyii hivyo
mwewe wa kila siku.

Juu ya nguzo ya umeme, ya tatu kutoka kisimani,
kozi mweupe.
Si weupe wa bata, wala wa maziwa.
Weupe wa chumvi iliyomwagikia chuma,
na madoa machache, kana kwamba
karani mwenye haraka amemkung'utia kalamu.
Mkubwa! Kifua cha bondia.
Ndege wa kule jua linakolala miezi mizima,
anatafuta nini huku kwetu,
kwenye kabichi na mabanda ya bata?

Kengele ikalia.
Treni ya mizigo. Mti lazima ushuke.
Nikaushusha, nikasimama wima na bendera
kama kanuni inavyotaka,
na treni ikaingia kati yetu.

Mabehewa arobaini na moja ya mahindi.
Behewa. Kozi. Behewa. Kozi.
Behewa: anajikuna shavu.
Behewa: ananitazama, haki ya Mungu, mimi.
Mabehewa mawili yaliyobanana, nikashika roho.
Behewa: bado yupo.
Behewa: bawa moja limefunguka,
refu, pana kwenye bega, halina haraka.
Behewa.
Behewa la mwisho na taa yake nyekundu.
Nguzo.

Nilisahau kupandisha mti.
Trekta la Bódi likapiga honi, akachungulia:
"Piroska, kuna ajali?"
"Ipo," nikamwambia, nacheka,
machozi yameniganda kopeni.

Jumamosi Jenő akanihoji kama polisi.
Mkia? Ncha ya bawa? Picha?
Picha sina. Nina mabehewa arobaini na moja.
Akafikiri. Akaandika daftarini mwake,
taratibu, kwa mwandiko wake mzuri,
jina la ndege, na mbele ya jina
alama ya kuuliza.

Sikukasirika. Kidogo tu.
Nimeitazama sana alama ile:
imejipinda kama ukucha,
na chini yake doa moja jeusi.

Kesho treni ya saa nane inapita tena.
Jicho la kushoto nimelisugua kwa siki.
Ukungu haujatoka.