Kwa Ndahani, Anayefungua Fremu Nkuhungu

Nimesikia umelipa kodi ya miezi sita.
Fremu ya pili kutoka kwa fundi cherehani,
mlango wa bati unaolia upepo wa Julai ukipita.
Vumbi la Dodoma halibishi hodi, Ndahani.
Funika kompyuta kwa kanga
kabla hujafunika kichwa chako.

Sina mtaji wa kukupa. Nina haya tu.

Mteja wa kwanza atakuwa shangazi.
Atataka kadi ya harusi, maua kila kona,
majina ya dhahabu, njiwa wawili.
Mchoree. Lakini andika bei kamili,
kisha ikate mbele yake, aone ulichomsamehe.
Kazi ya bure isiyoandikwa bei
husahaulika kabla pilau haijapoa.

Kwa wengine wote, nusu mkononi
ndipo uwashe mashine.
Usione haya. Mimi niliona haya
mwaka ule wa uchaguzi: mabango arobaini ya turubai,
mgombea udiwani, jina namsitiri.
Akashindwa, akazima simu.
Mabango nikaezekea banda la mama.
Misimu mitatu kuku wetu walilala
chini ya tabasamu lake.

Jihadhari na "kidogo tu".
Sogeza kidogo tu, kuza kidogo tu,
hapa paweke jua, kidogo tu.
Mzee Chidawali wa mvinyo, kule Hombolo,
faili lake niliita "mwisho",
likaja "mwisho kabisa", likaja "mwisho wa mwisho",
likaja "hii ndiyo",
tukarudi kwenye lile la kwanza.
Akanilipa chupa sita.
Chupa haziingii kwenye LUKU.
Marekebisho mawili, mwambie, la tatu lina bei;
na umwambie siku ya kucheka,
usingoje siku ya ugomvi.

Tena, zambarau ya kwenye kioo
si zambarau ya kwenye karatasi.
Nenda mwenyewe kwa mpiga chapa,
kaa kwenye benchi lake, ngoja nakala ya kwanza,
itoe nje uitazame juani.
Mimi nilituma kwa simu, nikalala.
Kalenda mia tano za chama cha akiba,
kijani chao kikatoka rangi ya mlenda.
Nililipa mimi.

Ofisi za Mtumba watakuita, siku moja.
Nenda, umechana nywele.
Watalipa, ndiyo, ila pesa yao huja kwa miguu.
Ankara igongwe muhuri wa kupokelewa,
na jina la aliyeigonga ulikariri:
mwezi wa tatu utampigia yeye,
utamwuliza kwanza habari za watoto.

Kuna moja sikulisoma popote.
Mama Mbeleje wa pale Sabasaba, muuza alizeti,
alitaka nembo. Nilimpelekea ua la alizeti,
akalitazama kama mtu aliyeletewa deni.
Nikaenda kukaa dukani kwake, asubuhi tatu, kimya.
Akipima mafuta kwa kikombe cha bluu,
kimemeguka mdomo,
na watoto wakitumwa husema:
nimeambiwa kwa mama wa kikombe.
Nikachora kikombe, na pengo lake.
Saa moja tu, kazi yenyewe.
Alilipa yote palepale, akaongeza lita mbili,
na nikamtoza zile asubuhi tatu pia. Nawe zitoze.

Wateja wangu wengine watakuja kwako, najua.
Wapokee. Usiponde bei yangu.
Ila nipigie, nikwambie yupi
ana Jumatatu isiyofika.

Jana nilipita Nkuhungu, umefunga.
Juu ya mlango hakuna kitu, bati tupu.
Mganga hajigangi, wanasema. Wewe jigange:
kazi ya kwanza iwe kibao chako.
Herufi kubwa, zisomeke kutoka kwenye bodaboda.
Na ujidai nusu
kabla hujawasha mashine.