Ndoo ya Njano

Wiki tatu tulilala pamoja, ndoo,
mimi kitandani, wewe mvunguni,
na kila alfajiri, kabla jogoo wa Otilia hajaamua
kama mvua ya Chiloé inastahili kuwikiwa,
nilikuinamia kama anayeinamia kisima
akitafuta jina lililomtumbukia.

Ulikuwa ndoo ya kome. Kiwandani Dalcahue
tunazipimia humo, kilo kumi na mbili,
na harufu yake haikutoki hata ukioshwa kwa klorini.
Harufu hiyo ndiyo iliyoniumbua:
msimamizi aliniona nikikimbilia nje, kofia ya nailoni ingali kichwani,
akauliza tu, "Miezi mingapi?"
Nikainua vidole viwili,
maana kinywa hakikuwa changu.

Kila kitu kilininukia vibaya. Sabuni. Moshi wa kuni mbichi.
Shingo ya Rosamel, niliyoipenda miaka saba,
ikanuka kama sarafu zilizolowa.
Nililia, nikacheka, nikatema.
Jirani akaniambia: kichefuchefu ni hodi ya mtoto.
Nami nikajifunza kuitika.
Karibu, nilisema, mate yakinichuruzika,
karibu, pita ndani.

Jumanne ya wiki ya tisa
niliamka nikasikia njaa.
Njaa tu. Safi kama sahani.
Nikala viazi viwili vya jana, na kitunguu,
nikanywa kahawa, na kahawa ikanukia kahawa.
Nilipofika nusu ya kikombe ndipo mkono ulipoganda.

Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu.
Hawakusema mtu afanye nini akiungoja huo mshindo.

Kiwandani nikazamisha uso ndani ya pipa la maganda,
nikavuta pumzi hadi mbavuni.
Hakuna. Nikanusa dizeli ya lori. Hakuna.
Nikanusa buti la Yolanda; akaniuliza kama nimerukwa na akili.
Nikamwambia, "Niombee nitapike."
Hakucheka. Ana kaburi dogo kule Tenaún.

Otilia, mama mkwe, hakuacha kumenya viazi.
"Sita nimezaa," akasema, "na sikutapika hata mara moja.
Wote wako hai. Wanne hawanipigii simu."

Ndipo nikakumbuka nilichokifungia kabatini:
ile ya kwanza, mwaka juzi.
Ile nilitapika hadi asubuhi ya mwisho,
nilitapika siku tatu baada ya moyo wake kunyamaza,
mwili ukiendelea kuitikia hodi
ya mtu aliyekwisha kuondoka.

Wewe ulikuwepo, ndoo. Uliyapokea yote.
Ikiwa kujaa kwako hakukuwa ahadi,
kukauka kwako kutakuwaje hukumu?

Hivyo ndivyo nilivyobishana nawe ndani ya basi la Castro,
dirisha likitoka jasho,
mzee mmoja ubavuni pangu akila yai la kuchemsha,
na mimi nikiichukia harufu ile kwa kushindwa kuichukia.

Mkunga alikuwa kijana, kucha zake zimetafunwa.
Akanipaka ute wa baridi, akaigeuza skrini upande wake
(nikahesabu vigae vya dari, kumi na tisa, kimoja kimevunjika),
kisha akaigeuza upande wangu.
Punje. Inapwitapwita,
ina haraka kama mtu aliyechelewa zamu.

"Wengine huacha mapema," alisema. "Wengine hawaanzi kabisa."
Nikamuuliza, na kesho je?
Akalifuta tumbo langu kwa karatasi, taratibu, hadi pembeni.
Ya kesho hakunijibu.

Nyumbani nikakukuta barazani, umejaa viazi.
Rosamel alikuwa amekurudisha kazini, kwa furaha yake.
Sikumwambia neno. Nikavimwaga mezani,
vikabingirika hadi mlangoni,
nikakusuuza, nikakurudisha mvunguni,
mtupu, wima,
mdomo wazi.