Kuiva na Kuvia

Saa kumi alfajiri lori la Meru hushusha mikungu Marikiti,
mibichi, utomvu ukichuruzika vikonyoni,
na ifikapo keshokutwa saa hizo hizo
itakuwa manjano tupu,
sare, kama wanafunzi siku ya ukaguzi.

Namjua anayeivisha sare hiyo.
Ni Mwirigi, chumba cha nne nyuma ya choo cha kulipia,
kofia ya sufu hata Januari.
Hununua mawe kwa wachomeleaji wa Gikomba,
yale ya kijivu, ya kuungia mageti;
huyafunga kwenye gazeti la juzi,
huyanyunyizia maji kwa ncha za vidole kama padri,
hushusha turubai, hufunga mlango, hukohoa.
Jiwe huanza kupumua.
Ukipita hapo unasikia harufu ya kitunguu saumu
na hakuna anayepika.

Nyanya yangu kule Nyamache alikuwa na shimo.
Alilifukiza kwanza, akalitandika majani ya mgomba,
akapanga chane kwa chane, mgongo kwa tumbo,
akafunika majani, akafunika udongo,
akatukemea: msizichungulie, zinaambiana siri.
Siku ya nne harufu ilitoka yenyewe
ikatuita nyumba kwa nyumba.
Huko ndiko kuvumbika.
Hakuna aliyelazimishwa.

Sasa menya hii ya Mwirigi.
Ganda limeiva, ndizi yenyewe haijapata habari.
Ng'ata: kiini kigumu, wanga unang'ang'ania ufizi,
utamu hakuna, hata wa kukopa.
Kikonyo bado kijani,
kama mwizi aliyebadilisha shati akasahau viatu.
Na kufikia jioni zinachomoka kwenye chane,
moja, nyingine, puu,
ganda limelegea, ndani maji na ugumu pamoja.
Kuiva, kuvia:
herufi mbili tu zimebadilishana viti,
na mnunuzi haulizwi.

Nilijaribu kuacha. Machi, mvua ya kwanza,
nilichukua mikungu sita nikaivumbika mwenyewe kwangu Kaloleni,
gunia, blanketi la Kemunto,
maparachichi yaliyolegea katikati ili yazifundishe.
Siku tano tulilala na ndizi.
Zilipotoka zilikuwa na madoadoa ya kahawia,
sukari imechungulia nje.
Nikazipanga mezani kwa majivuno, nakiri.

"Mama Kemunto, hizi si zimeoza?"
"Hapana, dada, hizo ndizo..."
Kashavuka kwa Syombua, kwenye sare.
Bwana mmoja wa tai alizibonyeza zote kama daktari:
"Nataka zisizo na alama."
Mama mwenye mtoto wa meno mawili
aliichagua ile inayong'aa kuliko zote,
akaimenya pale pale, akampa.
Nilifungua mdomo.
Meza ya Syombua na yangu zinashiriki mwavuli mmoja.
Nikaufunga.

Mvumilivu hula mbivu, walisema wahenga,
lakini hawakusema kodi ya meza
hulipwa na nani zile siku tano za uvumilivu.
Nilipoteza mia tisa na hamsini.

Jioni ile Musembi wa mkokoteni
alinunua zilizobaki, tano tano shilingi.
Alikula nne mfululizo, ameegemea mpini, kimya.
Ya tano akaishika muda mrefu
akaitia mfukoni mwa koti.
"Hii nampelekea mtu," akasema.
Sikumwuliza nani.

Jumatatu nikabisha chumba cha nne.
Mwirigi hakucheka, hilo namshukuru;
alikohoa tu, akanihesabia chane.
Kwa hiyo nami nauza njano ya usiku mmoja,
nakupigia kelele, karibu customer, tamu kama asali,
na ulimi wangu unajua.

Ila chini ya meza, nyuma ya debe la maji,
kuna gunia moja lililofunikwa blanketi.
Ukija, usiulize kwa sauti.
Inama kama unayefunga kamba ya kiatu,
halafu vuta pumzi.