Kabla Sijakupa Nywila

Kaa hapo, Ng'washi. Kiti kinalalamika lakini hakivunjiki.
Kabla sijakupa nywila ya mashine hii
nikupe habari yake.

Ilikuja Jumatatu, saa nne kasorobo,
chai bado ya moto, chapati imeviringwa kwenye gazeti.
Nje, Mwaloni imeshachangamka:
magunia ya dagaa yanashushwa, mtu anagombea chenji,
harufu imeingia ofisini bila kubisha hodi.

Barua pepe. Imetoka kwa Masalu,
Masalu wa Ukerewe, ninayemjua hata anavyopiga chafya.
"Dada Minza, tafadhali angalia ankara hii. Ni haraka."
Na chini yake kiambatisho,
kidogo, nadhifu,
kama kifurushi cha ndugu kilicholetwa na meli.

Sasa nikuambie nisichomwambia mwenyekiti:
nilisita.
Masalu hajawahi kuniita dada.
Huniita "we Minza",
na tangu chama kianze
hajawahi kuwa na haraka na kitu chochote.
Kidole kilining'inia juu ya kipanya
muda wa kumeza funda moja.
Kisha nikabofya.

Hakuna kilichotokea.
Hapo ndipo ninapotaka unisikie vizuri.
Hakuna moshi, hakuna mlio.
Skrini ilipepesa jicho mara moja, ikatulia,
nami nikarudi kwenye chapati yangu.

Tulipokuwa wadogo kule Kayenze
mama alitukataza kuoga penye matete.
Maji maangavu, unahesabu vidole vya miguu yako,
konokono wametulia juu ya mawe,
wapole kama vifungo vya shati.
"Kichocho hakiumi kikiingia," alisema.
"Kingekuwa kinauma, nani angekiugua?"
Tukaoga. Tukarushiana maji, tukacheka.
Miezi ikapita, ndipo kaka yangu Lushinge
akakojoa damu.

Alhamisi, kompyuta ikakojoa damu.
Daftari la hisa halifunguki.
Mikopo ya akina mama mia mbili kumi na saba haifunguki.
Jina la Nyanzobe, aliyebakiza marejesho mawili tu,
limegeuka herufi za kichaa
kana kwamba mtoto mchanga kalalia vibonye.
Na katikati ya skrini, kibao cheusi
kinadai fedha kwa adabu
kuliko mdai yeyote niliyewahi kumwona.

Mchana simu zikaanza.
Musoma. Bukoba. Sengerema.
"Minza, ankara gani hii umenitumia?"
Mimi! Jina langu, hata salamu zangu,
zilikuwa zimezunguka ziwa lote
mimi sijainuka kitini,
zinabisha hodi kwa watu wanaoniamini.
Hilo ndilo lililoniliza. Si fedha.

Fundi Bwire alichomoa waya wa mtandao
kabla hata ya kunisalimu.
Akauliza, "Nakala mmeweka wapi?"
Nikamwonyesha ile diski,
imechomekwa humohumo, miezi minane, haijawahi kutoka.
Akaitazama. Akavua miwani.
Hakusema neno, na hadi leo naona heri angenitukana.

Waliotuokoa ni akina mama.
Nyanzobe alikuja wa kwanza na kopo la maziwa ya unga,
ndani stakabadhi zote, tangu ya kwanza,
zimelowa mafuta, zina magamba.
"Kompyuta siijui," alisema. "Karatasi naijua."
Wiki saba tuliandika upya,
yeye anasoma, mimi nanakili,
na kila mara aliposoma tarakimu alinitazama kidogo,
kama anayehakikisha bado niko macho.
Wengine hawakuwa na kopo.
Hao tuliwaamini kwa mdomo. Wawili walitudanganya.

Basi. Diski ya nakala inalala kabatini, si kwenye mashine.
Ufunguo huu hapa.
Na Masalu akikuletea ankara,
usiiguse. Chukua simu, mpigie.
Muulize kama ni yeye aliyeituma.
Atafoka. Atakuuliza una kichaa gani,
ofisi gani hii inayoajiri watoto,
atakutukana mpaka salio liishe.

Akishakutukana, fungua.