Mizani ya Jikoni

Mkunga Teodora alikuja na mizani yake ya ndoano,
akamfunga Kalina kwenye kitambaa kama kilo ya maharage,
akamning'iniza juu ya meza, pembeni ya barua.
"Gramu elfu mbili mia tisa na arobaini.
Amepungua. Wote hupungua mwanzoni.
Alhamisi narudi. Nataka nikute amepanda."
Akanywa chai wima, akatoka.
Theluji ya viatu vyake ikabaki inayeyuka sakafuni.

Nami nilikuwa na mizani yangu.

Upande huu, lifti za Wałbrzych:
majengo kumi na manne, ghorofa kumi na moja kila moja,
grisi hadi ndani ya kucha,
mshahara unaokata pumzi tarehe ishirini,
lakini saa kumi jioni niko nyumbani, nimenawa.
Upande ule, mitambo ya upepo katika Bahari ya Baltiki:
wiki mbili majini, wiki mbili nchi kavu,
zloti maradufu,
na miezi mitatu ya majaribio
wanayoweza kukutoa bila kukwambia kwa nini.
Wanataka jibu Ijumaa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Huyu wetu ana siku tisa
na jembe ametukabidhi sisi;
yeye amelala, ngumi mbili hewani,
kama mwenye nyumba.

Nimefungua daftari. Kodi.
Gesi, ambayo Januari inakula kuliko sisi wote.
Mkopo wa gari, miezi kumi na saba.
Nepi. Sikujua kama nepi zinastahili mstari wao peke yao.

Baba yangu, Zenon, alichimba makaa.
Mgodi ulipofungwa wakampa kiinua mgongo,
akanunua teksi ya kijani,
akasema sasa bosi wangu ni mimi.
Baridi tatu tu. Chumvi ya barabarani
iliila ile gari kuanzia chini, kimyakimya.
Kiinua mgongo kikaisha,
mgongo ukabaki ulivyokuwa.

Nilimpigia jana.
Akakohoa kwanza, ndiyo salamu yake.
"Usiniulize mimi," akasema.
Kisha, "Analia sana?"
Kisha, nilipokuwa naaga,
"Ila ile teksi niliipenda."

Saa nane usiku Wiola ananyonyesha
kwa mwanga wa friji iliyoachwa wazi.
Kwa mkono ulio huru anavuta ile barua, anaigeuza,
anaandika nyuma yake: 182.
"Nini hiyo?"
"Usiku. Kwa mwaka. Nitakaoamka peke yangu."
Anamhamishia mtoto titi la pili.
"Sijasema usiende. Nimesema nimehesabu."

Alhamisi. Ndoano, kitambaa, kimya.
Gramu elfu tatu na sitini.
Mia na ishirini zaidi!
Teodora anaandika kwa kalamu ya bluu, bila haraka,
nami nimesimama pale na tabasamu la kijinga;
sijawahi kupewa nyongeza iliyonifurahisha hivyo.

Ijumaa asubuhi nimepiga simu Gdynia.
"Naweza kuanza Mei, badala ya Februari?"
Sauti ya mwanamke, nyuma yake mashine ya kahawa:
"Nitauliza. Usikate."
Wakaniwekea muziki.

Ndipo ikalia simu ya kazini, ile ya dharura.
Mama mmoja amekwama
kati ya ghorofa ya saba na ya nane,
ana mfuko wa samaki wa barafu,
na samaki wameanza kudondosha maji.
Simu moja sikio hili, nyingine sikio lile.
"Usiogope, mama. Lifti haianguki.
Inakwama tu. Nakuja."

Nimeingiza mkono mmoja kwenye koti,
Gdynia bado wananipigia piano,
na Wiola ananifungulia mlango kwa kiwiko,
mikono yake yote miwili imejaa Kalina.