Kuberega

Bwalo la shule, Kikuyu, raundi ya nne.
Upepo wa Agosti unapenya nyavu za dirisha,
karatasi za kuandikia hatua tumezilaza chini ya vijiwe.
Meza ya saba: mimi, Chidumizi, mkusanya ushuru wa Majengo,
na mbele yangu Sechelela, kidato cha pili, Mvumi,
miguu haijagusa sakafu vizuri.

Hatua ya pili tu, ananisukumia kitunda bure.
Namtazama. Anatazama dirisha.
Nikala.
Nani ataacha? Kazi yangu ni kupokea.

Hatua ya tano farasi wake yuko mdomoni mwa kitunda changu,
naye, badala ya kumwondoa, anamficha mfalme kwenye kona,
taratibu, kama mtu anayefunga zizi
huku mbuzi mmoja bado yuko nje.
Nikala farasi.
Kisha kitunda kingine. Kisha askofu,
aliyejitupa mwenyewe mlangoni pa mfalme wangu;
mfalme akatoka kumla kwa mkono wake
na hakurudi tena ndani.
Kitunda cha tatu nacho, maana sahani ikishaletwa…

Waliosimama nyuma yangu wakachekea puani.
Mwamuzi, mwalimu Mbeleje, hakucheka.

Ndipo nikamkumbuka mama, Novemba, Chilonwa,
akiberega: wingu hakuna, shamba halijalimwa,
naye anachimba kijishimo, anatupa uwele, anafukia kwa kisigino.
Mvua iko wapi, mama?
Mbegu ndiyo inayotangulia.
Kwale walimfuata nyuma wakifukua,
wakashiba.
Mimi ndiye niliyewarushia mawe.

Dakika zangu kumi na moja, zake arobaini.
Kando ya ubao nimepanga nilivyokula, mstari mzuri,
kama vishina vya stakabadhi.
Na ubaoni watu wangu wote bado wamelala kwao:
ngome pembeni, farasi hawajanywa maji,
mfalme peke yake uwanjani, kichwa wazi.

Hatua ya kumi na nne ikanyesha.
Ngome yake safu ya katikati, ngome ya pili jirani yake,
malkia akishuka kwa mshazari —
sikuhesabu. Nikanyoosha mkono.

“Ungerudisha,” akasema, akipanga kete upya, upesi upesi.
“Hapa. Hata kimoja tu. Ungepona.”
Sijawahi kurudisha kitu, nilitaka kumwambia.
Upepo ukaibeba karatasi yangu hadi mlangoni;
kijiwe alikuwa nacho yeye, anakichezea kiganjani.