Haraka, Bure, Leo Tu

Jenerali amekufa tena usiku huu.
Mara ya kumi na nne tangu mwezi uandame,
na kila akifa mjane wake ananichagua mimi,
Gulzhamal binti Ospan, mpandikizaji wa matufaha, Talgar,
nimtunzie mamilioni.
Pole, mama. Nakufuta.

Nafuta saa za dhahabu, dawa za nguvu za kiume,
mafuta ya kuotesha nywele,
kijana anayenipenda asijue kuwa mimi ni bibi wa watu.
Chai ya maziwa imepoa, imeota utando.
Nje theluji inapima kimo cha uzio.

Anwani hii aliianzisha marehemu Kairbek
kwa ajili ya watu wa matufaha:
nani ana kijiti cha mti wa porini,
nani kaona ukungu mweusi kwenye magome.
"Asiwekewe mtu komeo," alisema,
"mwenye mti na aandike."
Basi wenye miti wakaandika.
Na wasio na hata kichaka wakaandika kuwazidi.

Tolegen alipiga meza, vikombe vikaruka:
Tufunge! Kila mgeni adhaminiwe na wawili wetu!
Nikamuuliza: na yule mzee wa bonde la mbali
mwenye tufaha ambalo hapa hakuna aliyelionja,
yeye atadhaminiwa na nani? Na mbuzi wake?
Mgeni njoo, mwenyeji apone, sawa,
lakini wahenga hawakutaja
wageni mia tatu kabla ya kifungua kinywa.

Nikasuka chekeche la maneno.
Nikaifundisha mashine kama mtu afundishavyo mbwa mchanga:
likija neno haraka, bweka;
likija bure, ng'ata;
leo tu, nafasi ya mwisho, herufi kubwa zenye kelele,
buruta mpaka shimoni, usiniamshe.
Mbwa wangu akawa hodari.
Wiki tatu za kimya. Tolegen akaniletea asali.

Oktoba, nikitafuta risiti ya makasi,
niliinua mfuniko wa shimo.

HARAKA. BURE. LEO TU.
MTI WA BABU YANGU. TUFAHA JEUPE NDANI NA NJE,
HALIOZI MPAKA APRILI.
TINGATINGA LA BARABARA LINAKUJA KESHO.
NJOONI MKATE VIJITI. NAFASI YA MWISHO.
SABYRKHAN.

Ya siku tisa nyuma.

Niliendesha gari saa tano.
Penye mti palimwagwa kokoto, zimesawazishwa, kazi safi.
Mzee hakunigombeza. Simu ni ya mjukuu, alisema,
hakujua namna ya kuzipunguza herufi.
"Nilidhani mkiliona neno haraka
mtaharakisha."
Akanipa tufaha moja lililosalia, limekunjamana kama goti.
Nililila garini, injini imezimwa.
Sitawaambia lilikuwa tamu kiasi gani.

Mbegu sita ninazo kikombeni.
Lakini mbegu ya tufaha haimrudishi mama yake,
hilo kila mpandikizaji analijua.
Huzaa mgeni.

Nitazipanda hivyo hivyo.

Mbwa bado namfuga. Simlaumu, alibweka nilivyomfunza.
Ila kila usiku nashuka shimoni mwenyewe,
namzika jenerali, nampita kijana na mapenzi yake,
nageuza moja moja kama mtu anayetafuta pete kwenye samadi,
na mara nyingi, nisiseme uongo, samadi ni samadi tu.

Leo ziko hamsini na tisa.
Ya hamsini na nane inaanza na HARAKA,
jina silijui, herufi zote zimesimama wima.
Tolegen angesema: futa, ukalale.

Navuta kiti.